Mlimani, chumba na kimbweta

Wanaosimulia historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huanza na wahadhiri mashuhuri na viongozi waliosoma pale, nami siwalaumu, maana orodha yenyewe inavutia. Lakini mtu aliyewahi kuishi Mlimani, yaani kampasi kuu ya chuo hicho, akiwa mwanafunzi anajua kwamba mwaka wa masomo unapoanza, kabla ya kuulizana nani anafundisha somo gani, watu huulizana nani amepata chumba. Kwa maoni yangu suala hilo la chumba, ambalo wanahistoria hulipita haraka, linaeleza mengi kuhusu namna wanafunzi wa pale walivyosoma zamani na wanavyosoma sasa.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, chenye kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiozidi 15, ambao leo wangeenea katika basi dogo la daladala na nafasi ikabaki. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka uliofuata kikahamia kilimani, upande wa Ubungo, ambako wakati ule kulikuwa nje ya mji. Vyuo vile vitatu viligawana fani: mwenye kutaka udaktari wa binadamu alikwenda Makerere, wa uhandisi alikwenda Nairobi, na wa sheria, awe anatoka Kampala, Kisumu au Tabora, alikuja Dar es Salaam. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria yake Mlimani.

Kijana aliyetoka mbali namna hiyo hakuwa na shangazi Magomeni wa kumpokea. Alilala bwenini, akala katika ukumbi wa chakula wa chuo, na jioni ilipoingia hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa mji ulikuwa mbali na usafiri ulikuwa wa shida. Walibaki wenyewe kwa wenyewe, Mganda na Mkenya na Mtanzania, na watu waliokwisha kula na wasio na haraka ya kurudi popote hawana budi kubishana.

Maisha yale yalikuwa ya starehe kuliko ya raia wengi waliokuwa wakiyagharimia, na hasira ya Mwalimu Nyerere ilitokana kwa sehemu na hilo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakipinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara wao, na miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililodai kwamba wakati wa ukoloni hali ilikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi baadaye, lakini chuo walichokirudia kilikuwa kimebadilika, kwa sababu katikati hapo lilikuwa limetangazwa Azimio la Arusha, la siasa ya ujamaa na kujitegemea.

Kipindi kilichofuata ndicho kinachoipa Mlimani sifa yake hadi leo. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha pale kuanzia mwaka 1966, akaondoka, akarudi mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Wanafunzi waliunda chama chao cha kimapinduzi, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, na baadaye wakawa wanatoa jarida lililoitwa Cheche, ambalo Karim Hirji alikuwa mhariri wake na Issa Shivji mmoja wa waandishi. Madarasa yao ya itikadi yalifanyika nje ya ratiba, siku za Jumapili, bila alama wala cheti, na watu walihudhuria baada ya kusoma kurasa walizopangiana. Mwaka 1970, mwaka uleule ambao chuo kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili, chama na jarida vikapigwa marufuku. Mijadala yenyewe haikukoma, kwa kuwa wabishani walikuwa bado wanalala majengo yaleyale.

Leo hali ni nyingine. Zimejengwa hosteli za Mabibo, na mwaka 2017 zikafunguliwa zile ambazo kila mtu anaziita za Magufuli, zenye nafasi za wanafunzi 3,840, nazo bado hazitoshi. Wanaokosa hupanga Msewe, Changanyikeni au Sinza, na asiye na kodi hubebwa, yaani huingia kimyakimya katika chumba cha rafiki na kulala wawili kitanda cha mmoja, huku wakiomba ukaguzi usipite usiku huo. Mwenye kupanga mbali huanza kutazama saa tangu saa kumi na moja jioni, kwa sababu akichelewa atagombania daladala na watu wanaotoka kazini. Nimekaa katika mihadhara ya hadhara pale Ukumbi wa Nkrumah ambayo ilianza ukumbi ukiwa umejaa, na ilipofika zamu ya maswali, ambayo ndiyo sehemu yenye utamu, viti vya nyuma vyote vilikuwa vitupu. Wazee husema vijana wa siku hizi hawapendi hoja. Wangewauliza wanalala wapi.

Hapo ndipo linapoingia desa. Mwanafunzi asiye na muda wa kusoma kitabu anakwenda steshenari wiki moja kabla ya mitihani, anakuta foleni, na anapewa fungu la karatasi zilizodurufiwa mara nyingi mpaka herufi za pembeni zimeliwa na kivuli cheusi: muhtasari alioandika mtu wa miaka iliyopita, pamoja na mitihani ya nyuma na majibu yake. Zipo desa zenye kosa lilelile linalorithishwa kila mwaka, na mhadhiri mzoefu akiliona katika karatasi ya jibu anajua limetoka wapi. Sitetei kudesa. Nasema tu kwamba mwenye kuogopa kudisko, yaani kufeli na kuondolewa chuoni, huku bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa na anadaiwa kodi, atachukua njia fupi iliyo mbele yake.

Kinachonipa moyo ni vimbweta. Kwa asiyevijua, ni meza na viti vya zege vilivyojengwa nje, chini ya miti, na kila mwenye kikundi cha majadiliano anavitegemea. Msimu wa mitihani utakuta begi kuukuu limewekwa juu ya meza tangu alfajiri kushika nafasi, na tumbili wawili wakilichunguza kama lina maandazi. Maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, inaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, nayo ni neema kubwa, ila maktabani mtu hanyanyui sauti. Kwenye kimbweta ananyanyua. Nimesikia pale watu wa mwaka wa kwanza wakipingana kuhusu umiliki wa ardhi kwa ukali na kwa ushahidi ambao sikuwahi kuusikia darasani, mmoja akitoa mfano wa shamba la babu yake Kilosa, mwingine akimjibu kwa kifungu cha sheria.

Tatizo ni kwamba giza likiingia vingi havina taa, na simu ikiisha chaji hakuna pa kuichomeka. Kuweka taa na soketi pale ni kazi ya fundi umeme na siku chache, gharama yake haifiki hata ya ghorofa moja ya bweni, na wanafunzi waliopanga Msewe wangekuwa na sababu ya kuchelewa kuondoka wakati mabweni mengine yakisubiriwa.