Kitanzi: nyuzi zake na damu ya miezi ya mwanzo

Wengine husema lupu, wengine kitanzi. Kitu ni kimoja: kifaa cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Kile cha shaba ni kijiplastiki chenye umbo la T, urefu milimita 36, upana 32, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hakina homoni. Shaba ndiyo inayodhoofisha mbegu za mwanamume zisilifikie yai. Hudumu miaka 10, na mwaka wa kwanza, kati ya watumiaji 100, hata mmoja hatimii wa kushika mimba.

Mhudumu hupima kina cha mfuko wa uzazi kwanza, kwa kawaida sentimita 6 hadi 9. Mabega ya T hukunjwa ndani ya mrija wakati wa kuweka ukishafika. Yakikaa humo zaidi ya dakika 5 hayafunguki vizuri. Nyuzi mbili za mkia wake, zinazotokeza ukeni, hukatwa zikabaki kama sentimita 3. Mume akilalamika kuwa zinamchoma, mara nyingi zimekatwa fupi zikasimama kama bua. Mhudumu huzikata tena ziishie ndani ya mlango wa kizazi, lakini ukishafanyiwa hivyo hutazigusa tena kwa kidole.

Kuzigusa kuna maana. Habari ya kitanzi kupanda hadi moyoni ipuuzeni. Kinachotokea zaidi ni kutoka chenyewe, hasa miezi ya mwanzo, pengine pamoja na damu ya hedhi bila mwenyewe kujua. Kila hedhi ikimalizika, nawa mikono, chutama, papasa. Nyuzi zikikosekana, au ukigusa plastiki ngumu, tumia kondomu na uende kituoni.

Tatizo la kwetu Waislamu hasa ni damu. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hedhi huwa nzito na ndefu, na matone hutokea katikati, mtu asijue aswali au asiswali. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, hedhi haizidi siku 15. Ikizidi, ni mambo ya istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, muulize mwalimu wako. Ndiyo maana kuweka Shaabani, mwezi wa kabla ya mfungo, ni kujitafutia tabu Ramadhani. Ibuprofeni hupunguza damu na maumivu.

Homa, maumivu makali chini ya kitovu au uchafu wenye harufu katika wiki 3 za mwanzo havisubiri kesho. Kitanzi hakizuii VVU.

Kukitoa ni dakika chache: nyuzi hushikwa kwa koleo, huvutwa taratibu, na mimba inaweza kuingia mwezi huo huo.