Kumsoma Jefferson kwa daftari la Kiswahili: mradi ulipofika

Januari

Mwaka huu namsoma mtu mmoja tu: Thomas Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru la Marekani na rais wa tatu wa nchi hiyo. Nitafuata vitabu vya wasifu wake kwa miaka vilivyotoka, cha zamani kwanza. Kurasa 15 kila usiku baada ya isha. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, lakini daftari nimeapa litakuwa la Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza. Neno likinishinda siliruki, nakaa nalo.

Nimemchagua yeye kwa sababu ya makaratasi yake. Ameacha barua karibu 19,000 za mkono wake, na vitabu vya matumizi vinavyokwenda miaka karibu 60. Tarehe 4 Julai 1776, siku Azimio lilipopitishwa pale Philadelphia, ameandika kwamba amenunua kipimajoto na jozi saba za glavu za kike, na kwamba ametoa sadaka. Nilirudia mistari hiyo mara tatu. Nikajiambia, mtu anayeandika hata bei ya glavu siku kama ile hana kitu cha kuficha.

Machi

Niko kwa Dumas Malone. Majuzuu sita, la kwanza la 1948, la mwisho la 1981. Kaka yangu aliye ughaibuni amenipatia manne ya mitumba, mawili nayasoma kwenye simu na macho yanauma. Siwezi kulalamika, maana Malone alimaliza juzuu la sita akiwa na miaka 89 na macho yake mwenyewe yamekaribia kuzima. Ni kazi ya mtu aliyempenda mtu wake. Anamfuata Jefferson siku kwa siku, mji kwa mji, alilala wapi, aliondoka lini. Shikeni hilo la tarehe, litarudi.

Nilipofika kwenye ndoa yake ndipo daftari liliponikwamisha kwa mara ya kwanza. Jefferson alimwoa Martha Wayles Skelton mwaka 1772. Mwaka uliofuata baba mkwe wake, John Wayles, akafa, na urithi ukaja na mashamba, madeni na watu 135. Miongoni mwao alikuwemo Elizabeth Hemings na watoto wake. Sita kati ya hao baba yao alikuwa Wayles mwenyewe, na mdogo wao wa mwisho, Sally, alizaliwa mwaka huohuo wa 1773.

Kwa Kiingereza unasoma kwamba Sally Hemings alikuwa nusu-dada wa mke wa Jefferson, unafunua ukurasa, unaendelea. Kwa Kiswahili sikuweza kuendelea. Dada wa mke ni shemeji. Niliandika: «Jefferson amerithi shemeji yake.» Nikaweka kalamu chini, usiku ule sikusoma tena.

Mei

Martha alikufa mwaka 1782. Barua walizoandikiana mume na mke hazikubaki, na mtu mwenye barua 19,000 amekaa kimya kuhusu yule aliyempenda kuliko wote. Mwaka 1784 akaenda Paris kuwakilisha nchi yake, kisha akaagiza binti yake mdogo, Polly, aletwe; safari ikawa mwaka 1787.

Mtoto hakutaka kwenda. Ikabidi binamu zake wapande naye merikebuni wacheze mpaka alale, kisha wakashuka, na alipoamka chombo kimeshatweka. Aliyebaki naye ni Sally, miaka 14. Polly alikuwa hajatimiza tisa. London walipokewa na Abigail Adams, mke wa balozi wa Marekani huko, naye akaandika kwamba huyo msichana mwenyewe anahitaji kutunzwa kuliko mtoto aliyekuja kumtunza. Jefferson hakuja kuwachukua, alimtuma mtumishi.

Sasa tazama Kiswahili kinavyosema: mdogo wake mama yako ni mama yako mdogo. Polly alivuka Atlantiki na mama yake mdogo. Vitabu vyote nilivyo navyo vinamwita Sally kijakazi, na ni kweli alikuwa kijakazi, ila hakuna hata kimoja kilicho na neno hili letu la kawaida ambalo mtoto wa Tanga analijua kabla hajaanza shule.

Juni

Juzuu la nne, la 1970. Mwishoni kuna kiambatisho ambamo Malone anashughulikia habari iliyotolewa na James Callender katika gazeti la Richmond mwaka 1802, kwamba rais amezaa na Sally. Malone anaikataa. Kwake ni hadithi tu, haifanani na tabia ya mtu anayemjua.

Lakini yupo shahidi. Madison Hemings, seremala, mwana wa Sally, alisimulia maisha yake katika gazeti la Ohio mwaka 1873. Alisema kwamba kule Ufaransa mama yake angeweza kudai uhuru, na hakutaka kurudi Virginia. Jefferson akamwahidi kwamba atatendewa vyema, na watoto wake wataachwa huru wakitimiza miaka 21. Akarudi naye mwaka 1789, yeye na miaka 16, Jefferson na miaka 46. Madison aliyaita maafikiano hayo mkataba. Mimi nimeandika «ahadi», kwa sababu mkataba una pande mbili zinazoweza kwenda mahakamani, na akishateremka Virginia Sally hakuwa na mahakama.

Na zile tarehe za Malone? Mwaka 1968 mwanahistoria Winthrop Jordan alizipanga karibu na tarehe za kuzaliwa watoto wa Sally. Jefferson alisafiri sana, hakai nyumbani, lakini kila mtoto, ukihesabu miezi tisa nyuma, unamkuta yupo Monticello, nyumba na shamba lake la Virginia. Malone ndiye aliyezikusanya tarehe hizo kwa uaminifu wote. Namheshimu kwa hilo hata sasa.

Julai

Sikusoma sana. Nilikwenda Pangani kumwona shangazi, naye akaniuliza kitabu kinene hiki ni cha nini. Nikamweleza kuhusu Sally.

«Basi alikuwa suria,» akasema.

Nikamwambia nami niliandika hivyohivyo, kisha nikafuta.

«Kwa nini ulifuta, mwanangu?»

«Shangazi, watoto wake walikuwa watumwa.»

Akaniangalia kama sijasema vizuri. «Watoto wa bwana mwenyewe?»

«Wa bwana mwenyewe. Sheria ya Virginia tangu 1662 ilisema mtoto hufuata hali ya mama.»

Alinyamaza muda mrefu, akichambua mchele. Huku pwani utumwa ulikuwa utumwa, na siupambi. Lakini kwa sheria ya dini mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alizaliwa huru, akarithi pamoja na nduguze, na mama akawa huru bwana akifa. Masultani kadhaa wa Unguja walizaliwa na masuria; mama yake Sayyid Barghash alikuwa Mhabeshi. Neno suria limebeba sheria hiyo ndani yake. Nikimpa Sally neno hilo nitakuwa nimempa haki ambazo hakuna aliyempa.

«Wazalia, basi,» shangazi akasema mwishowe. «Watumwa waliozaliwa nyumbani.» Neno hilo nimeliandika kwa watoto. La Sally bado sina, kwa hiyo naandika jina lake.

Septemba

Annette Gordon-Reed, kitabu cha 1997. Mwandishi ni mwanasheria, na anafanya kile ambacho mwanasheria hufanya: anawaweka mashahidi wote kizimbani na kuuliza kila mmoja amepimwa kwa mizani gani. Wajukuu wa Jefferson waliposema kwamba wahusika ni wapwa zake wa ukoo wa Carr, wanahistoria waliwaamini. Madison aliposema «ni baba yangu», walitaka ushahidi. Nimekisoma kwa siku tisa, kurasa 15 za usiku nimezisahau kabisa.

Mwaka uliofuata, 1998, vilipimwa vinasaba vya upande wa kiume. Mzao wa Eston, mdogo wake Madison, alilingana na wazao wa baba mkubwa wa Jefferson. Wale wa Carr hawakulingana. Mwaka 2000 taasisi inayotunza Monticello ikakubali, na leo wanahistoria wengi wamekubali. Ila Gordon-Reed alikuwa ameshafika huko kabla ya damu, kwa kusoma karatasi zilezile kwa haki, na hilo ndilo linalonifanya nimpende.

Novemba

Nimebandika karatasi ya manila ukutani, nachora mti wa ukoo. Martha na Sally wamekaa bega kwa bega chini ya John Wayles. Watoto wa Martha waliofika utu uzima ni wawili, Patsy na Polly. Wa Sally wanne: Beverly, Harriet, Madison, Eston. Ndugu kwa baba, na kwa desturi yetu ndugu pia kwa mama, maana watoto wa mama mkubwa na mama mdogo hawaitani binamu. Mistari miwili inakwenda mahali pamoja, nimetumia wino mwekundu na wa bluu.

Beverly na Harriet waliondoka mwaka 1822. Mnyapara wa shamba alikuja kusimulia kwamba Harriet alipewa dola 50 za safari kwa amri ya Jefferson. Kaka na dada wakaingia katika maisha ya Wazungu, na huko majina yao yakapotea. Madison na Eston waliachwa huru kwa wasia. Sally hakutajwa kwenye wasia. Binti yake Jefferson, Patsy, alimwacha aondoke, akaishi Charlottesville na wanawe mpaka 1835. Hakuna picha yake, hakuna barua.

Jefferson alikufa tarehe 4 Julai 1826 akidaiwa zaidi ya dola 107,000. Januari 1827 watu 130 wa Monticello walipigwa mnada. Wasia ulikuwa umempa uhuru Joseph Fossett, mhunzi. Haukumpa mkewe Edith, aliyejifunza upishi ikulu kisha akampikia Jefferson Monticello, wala watoto wao. Fossett akarudi kwenye nyundo, akaanza kuwakomboa mmoja mmoja.

Kurasa za daftari sasa ni 212. Karatasi ya manila haina nafasi tena, nimenunua ya pili ya ukoo wa Fossett. Kesho baada ya isha namwandika Peter, mtoto wao, aliyekuwa na miaka 11 siku ile ya mnada.