Kobe Watatu na Kalibu Moja

Saa 12:30 asubuhi nilishuka kwenye daladala, na kufikia saa 1:30 nilikwisha kuwasha kompyuta 22 ambazo wanafunzi 43 wa mwaka wa kwanza hugawana. Katika somo la kuandika programu tunatumia Greenfoot, programu inayogeuza msimbo (maagizo kwa kompyuta) wa lugha ya Java kuwa picha zinazotembea, na isiyodai intaneti.

Saa 2:00 kila jozi iliandika klasi, yaani maelezo ya pamoja ya kuundia vitu vya aina moja, iitwayo Kobe, ikaweka kobe watatu uwanjani na kuwaendesha. Saa 3:15 kijana wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mashine hii ni mbovu. Nimemwamuru kobe mmoja ageuke, wamegeuka wote."

Nilimwonyesha kwamba turn(5), amri ya kugeuka, ameiandika ndani ya klasi, kwa hiyo amri ni ya kila kobe. Hakuridhika. Aliongeza mstari mwingine, akakompaili, yaani akaigeuzia kompyuta msimbo wake upya, na kobe wote wakatoweka. Nikamuuliza kama amewahi kufyatua matofali.

"Kila kiangazi, Mwalimu."

"Ukirekebisha kalibu, matofali yaliyokwisha kukauka hubadilika?"

"Hapana. Unafyatua mengine."

Basi akafyatua kobe wengine, lakini bado alitaka mmoja tu awe mwepesi, na hapo zikapita dakika 40 ambazo sikuzipangia. Tuliipa klasi sehemu ya kuhifadhi kasi pamoja na methodi, yaani amri yenye jina, ya kuibadilisha, kisha tukambofya kobe wa katikati na kumpa 6, wenzake wakabaki na 2. Alipowaona wakiachana alinyamaza, akaanza kukagua namba za kila kobe bila kuambiwa. Kwa dakika kama hizo mimi huvumilia mshahara wangu.

Mchana mwenzangu mmoja alichungulia mlangoni. "Wanacheza gemu tena?" Ningeweza kumweleza kuwa Simula, lugha ya programu iliyotangulia kuleta klasi na objekti (vitu vinavyoundwa kutokana na klasi, kama kobe wetu), iliundwa Norway miaka ya 1960 na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard kwa ajili ya kuigiza mienendo ya mifumo halisi, lakini sauti ilikuwa imenikauka.

Kundi la jioni, sikumbuki saa ngapi, lilikatikiwa umeme. Nilibandika karatasi moja ya maagizo ubaoni, nikawasimamisha wanafunzi watatu wawe kobe, kila mmoja ameshika kikaratasi chenye kasi yake. Waliisoma amri ileile, wakaenda kila mmoja kwa mwendo wake, hadi mwenye 6 alipogonga meza ya mbele, kwa kuwa hakuna aliyeandika la kufanya ukifika ukingoni.