Siku moja karakanani Patan: mkono mmoja wa shaba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kengele za watu wanaokwenda kuabudu ndizo zinazoniamsha, si simu. Nasali, kisha naangalia saa ya nyumbani, Lamu: saa tisa kasorobo usiku. Nepal wametuzidi kwa saa mbili na dakika 45, na hizo dakika zimenikosesha simu nyingi za mama.

Mimi ni sonara. Nimekulia kwenye fedha: pete, vipuli, bangili. Miezi saba sasa niko Patan, mji ulio ng'ambo ya mto Bagmati ukitoka Kathmandu, najifunza shaba nyekundu kwa Wanewari, wenyeji wa bonde hili. Kazi hii ni yao tangu karne nyingi. Mmoja wao, Arniko, aliondoka hapa akiwa bado kijana katika karne ya 13, akapitia Tibet akiongoza mafundi wenzake, akaishia kumfanyia kazi Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia aliyetawala China, na ule mnara mweupe wa Kibuddha ulioko Beijing ni wake. Siku hizi jina lake limepewa barabara inayoelekea mpaka wa China. Malori hupita humo yakitimua vumbi.

Saa kumi na mbili na nusu niko njiani. Kina mama wanapita na sinia za mchele, maua na unga mwekundu, kila kijisanamu cha pembeni kinapata chake. Nakatiza karibu na Hiranya Varna Mahavihar, hekalu lililofunikwa shaba iliyopakwa dhahabu toka paa hadi mlangoni. Zamu ya ukuhani humo hushikwa na mtoto wa kiume asiyefika miaka 12, kwa mwezi mmoja. Nilimwona siku moja akipiga miayo kama mtoto yeyote aliyeamshwa mapema.

Saa moja, chai ya maziwa, halafu karakana. Tuko mtaa wa Oku Bahal, kwa akina Shakya, ambao kusubu sanamu ni kazi ya ukoo. Fundi mkuu namwita guru, yaani mwalimu, yeye ananiita bhai, yaani mdogo wangu. Si mtu wa maneno. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba mimi ni Mwislamu na kwamba mama ameniomba jambo moja tu: nisichonge uso. Akafikiri kidogo, akanipa petali za yungiyungi kwenye kitako cha sanamu, nizichonge kwa miezi minne. Nilipozimaliza akanipa mkono.

Nikajiona nimedharauliwa. Mkono! Mpaka aliponisimamisha mbele ya rafu ya sanamu za Mabuddha mbalimbali na kuniuliza, huyu nani, yule nani? Nyuso zilikuwa karibu sawa zote: masikio marefu yaliyovutwa na vipuli vizito vya enzi zile Buddha alipokuwa mwana wa mfalme tajiri, nundu ya hekima utosini, nywele zilizojiviringa kama konokono. Sikuweza kujibu. Akaniambia nitazame mikono. Kiganja kimeinuliwa kuelekea kwako, maana yake usiogope: huyo Amoghasiddhi. Kiganja kimeshushwa kikiwa wazi, anatoa: Ratnasambhava. Mikono yote miwili imepakatwa mapajani, yuko katika tafakuri: Amitabha. Nilichonacho mimi ni mkono wa kuume ulioshuka gotini, vidole vikigusa ardhi. Ni Shakyamuni mwenyewe, Buddha wa historia, usiku ule chini ya mti pale Bodh Gaya. Yule mshawishi, aitwaye Mara, alimuuliza ni nani atakayeshuhudia kwamba anastahili kukaa pale. Hakujibu kwa maneno, aliigusa ardhi iwe shahidi.

Sasa ona balaa langu. Kidole cha kati, ndicho kinachogusa, kilitoka pungufu siku ya kusubu. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, lakini ikishayeyuka bado ni nzito, haikimbii kwenye vijia vyembamba kama inavyokimbia iliyochanganywa bati au zinki. Ilifika kwenye kifundo ikaganda. Guru akakata, akapachika kipande kingine cha shaba, akanikabidhi tindo: fanya kiungo kisionekane. Leo ni siku ya nne. Nakaa chini, sanamu nimeibana kwa nyayo, nyundo ndogo, ncha ndogo, tik tik tik. Nyayo hizo zilinitia wasiwasi mwanzoni, kumkanyaga mungu wa watu. Guru alicheka. Kabla ya kufanyiwa ibada, alisema, hiyo ni shaba tu. (Nilimpelekea mama maneno hayo kwa ujumbe wa sauti usiku huohuo.)

Saa nne tunakula wali na dengu. Hapa wali unaliwa mara mbili, saa nne na usiku, katikati ni chai na pepeta zao. Tunakula kwa mkono, na hilo ndilo jambo pekee ambalo sikuhitaji kufundishwa.

Kutoka hapo hadi saa saba nasaidia upande wa kalibu, yaani umbo la udongo la kumiminia shaba. Sanamu ya nta inapakwa udongo laini uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, unaachwa ukauke kivulini, unapakwa tena, na tabaka za juu zinatiwa makumvi ya mpunga. Ukipashwa moto, nta inatoka na kuacha uwazi wenye umbo lake. Nta tunaipima kabla, kwa sababu kila kilo moja yake itadai shaba kilo tisa hadi kumi. Kazi inachafua, mikono inanuka zizi, basi.

Saa nane guru anauinua mkono, anauzungusha kwenye mwanga, anapitisha ukucha kwenye kile kiungo. Hasemi kitu. Anaifunga sanamu kwa kitambaa na kunipa niibebe. Nimeelewa kuwa nimefaulu.

Dhahabu haipakwi kwetu, ina mafundi wake, na huyu wetu anafanyia juu ya paa penye upepo. Nyumbani tunasema dhahabu ya kuchovya. Hapa hakuna kinachochovywa. Dhahabu inasagwa pamoja na zebaki mpaka iwe laini kama siagi, rangi yake ya kifedha. Shaba inasafishwa kwa asidi, inaoshwa, ndipo ule uji unapakwa kila mahali, kwenye kila kunjo la vazi. Wakati huo Buddha ni mweupe kama kijiko. Kisha moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, inaondoka na hewa, na dhahabu inabaki imeshikana na shaba. Rangi inageuka polepole, weupe unakufa, unakuja umanjano mzito usio na mng'ao, kama manjano ya bizari. Ndiyo sababu wanang'ang'ania shaba tupu ingawa inawatesa kwenye kusubu: ikiwa na risasi au bati, dhahabu inatoka na madoa.

Ule mvuke huuoni wala hunusi harufu yake, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Unapiga figo, unapiga neva. Fundi wa paani ananiweka upande upepo unakotoka, na yeye anabaki karibu na moto. Akishika kikombe cha chai, kikombe kinagonga kisahani. Siku hizi kuna njia ya umeme, ila dhahabu yake ni nyembamba na wateja wengi, hasa wa monasteri za Kitibeti, wanataka ya moto. Mimi naona wateja hao wangepaswa kupanda kwenye paa hili angalau mara moja. Dhahabu yenyewe si pambo kwao: ngozi ya rangi ya dhahabu ni mojawapo ya alama 32 za mtu mkuu katika maandiko yao. Kwa hiyo kinachopakwa hapa ni ngozi.

Saa kumi na moja jioni napewa jiwe la akiki nisugue. Huu ndio usonara ninaoujua. Unasugua, manjano ya bizari yanafunguka, mng'ao unapanda. Nakitafuta kiungo cha kidole kwa macho, siwezi kukiona. Nakitafuta kwa ncha ya kidole changu, nadhani nimekipata, kumbe ni mkunjo wa kifundo.

Tunarudi giza likiingia. Bado uso kupakwa dhahabu ya unga na nywele kutiwa buluu, maana mteja ni Mtibeti, na macho bado kuchorwa. Huko kwao watajaza ndani hati za maombi na nafaka, wazibe kitako kwa bamba la shaba. Hayo hayanihusu.

Saa mbili na nusu usiku. Huko Lamu sala ya Magharibi inakaribia, mama anapokea simu huku akimfukuza paka.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Wali na dengu."

"Leo umetengeneza nini?"

"Mkono."

"Mkono tu, siku nzima?"

"Kidole, kusema kweli."

Akacheka, akaniambia marehemu baba angekwishamaliza bangili sita.