Kutoka Kipini hadi Ziwa Michaelson: nilivyoshuka korongo la Nithi

Nimezaliwa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Maji tuliyoyajua utotoni yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, na zikija mvua kubwa yalibeba magogo, migomba mizima, mara nyingine hata paa la nyumba ya mtu. Mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997, zilituhamisha kwa mtumbwi. Nilimuuliza bibi maji yote yale yanatoka wapi, akanyoosha mkono kuelekea bara: "Mlimani." Hakutaja mlima gani, nami sikuuliza tena.

Leo mimi ni mwalimu wa jiografia Mombasa, mwaka wa kumi na nne huu. Kila mwaka nachora ubaoni bonde lililochongwa na barafu: umbo la herufi U, kuta zimesimama wima, kijito chembamba katikati, ziwa dogo kichwani. Mfano mzuri wa bonde hilo tunao hapa hapa nchini, korongo la mto Nithi upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ambalo ramani huliita Gorges Valley. Na maji ya Nithi mwisho wake ni Tana. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nikichora chanzo kimojawapo cha mto wa kwetu bila kukiona kwa macho, na jambo hilo lilininyima raha.

Mara ya kwanza, Desemba 2021, nilishindwa. Nilijiunga na kundi la watu waliokuwa wakikimbilia kilele cha Lenana, mita 4,985, ili wawahi kurudi kazini. Nikapanda treni Mombasa, usiku wa pili nikalala lango la Chogoria, mita 2,950, na jioni iliyofuata niko kambi ya Minto's, juu ya mita 4,200. Siku tatu tangu kuacha usawa wa bahari! Njia nzima ilipita ukingoni mwa korongo, lakini ukungu ulikuwa umelijaza pomoni, sikuona hata jiwe la upande wa pili. Usiku kichwa kikaniuma kama kinapasuliwa kwa shoka, nikatapika hadi maji. Aliyekuwa akituongoza akasema ni uchovu tu, nimeze dawa ya maumivu nilale, saa nane za usiku tunaondoka kwenda kileleni. Mpagazi mmoja, kijana mdogo kabisa, alinimulika usoni na tochi, akaniambia nitembee hatua chache kwa mstari ulionyooka. Nikapepesuka. Akasema, "Mwalimu, wewe unashuka sasa hivi." Akabeba mkoba wangu, tukashuka usiku ule ule. Kadiri tulivyoteremka ndivyo kichwa kilivyoniachia.

Kijana yule namshukuru mpaka kesho. Ugonjwa wa mwinuko haumtazami mtu ana nguvu kiasi gani. Hewa kule juu ni nyepesi, mwili unahitaji siku za kuizoea, na ukiunyima siku hizo unaweza kufa, mapafu au ubongo ukijaa maji. Dawa ya kweli ni kushuka.

Nilikaa mwaka mzima na zaidi nikilitafakari. Nilitambua kwamba Lenana sikuwa nikiitaka. Kundi ndilo lililoitaka. Mimi nililitaka korongo. Basi nikapanga safari ambayo mwisho wake ni ziwa lililo chini ya korongo, siyo kilele, na siku zake zikahesabiwa kwa pumzi yangu mimi.

Mazoezi niliyafanyia Taita. Likizo ya Aprili nilikwenda Wundanyi mara mbili, nikapanda Vuria, mita 2,208, na mkoba wenye chupa sita za maji. Kupanda kulinitoa jasho, lakini kilichoniumiza ni kushuka, magoti yalivimba. Hapo nikajifunza fimbo mbili, na kupiga hatua fupi goti likiwa limekunjika kidogo. Koti zito, suruali za sufu na glavu nilizipata mitumba ya Kongowea kwa bei ya kuridhisha, maana Mombasa nani anagombania koti la baridi? Viatu peke yake ndivyo nilivyonunua vipya, nikavivaa shuleni miezi miwili, wanafunzi wakishangaa.

Agosti 2023, shule zilipofungwa, nikaondoka na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 22. Tulikaa Nairobi siku mbili kwanza, tuizoee mita 1,700 za pale. Kisha matatu ya Embu, Chuka, na Daraja la Nithi. Wakenya wengi tunalijua jina la mto huu kwa sababu ya daraja hilo. Julai mwaka uliotangulia basi lilikuwa limetumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Abiria walinyamaza tulipokuwa tukivuka. Nilitazama chini nikauona mto, mwembamba, umejificha kwenye miti, nikawaombea dua waliofia pale.

Kutoka mji wa Chogoria hadi lango la hifadhi tulipanda Land Cruiser, kama kilomita 30 za udongo mwekundu, msitu mkubwa kwanza, halafu mianzi, halafu miti iliyoota ndevu za kuvu. Mavi ya ndovu yalikuwa bado yanafuka moshi. Kiongozi wetu safari hii alikuwa mzee wa Kimwimbi, wenyeji wa Chogoria, mtu wa maneno machache. Ada za hifadhi tulikuwa tumeshalipa kwa simu, pale langoni hawapokei fedha taslimu. Nikamweleza mzee habari za 2021, zote. Akasikiliza, akasema, "Tutalala Ellis siku mbili." Hakuongeza neno.

Ziwa Ellis liko kama mita 3,500. Siku ya kwanza tulitembea polepole kiasi kwamba mtoto wa kaka yangu akaniuliza, "Shangazi, tunakwenda au tumesimama?" Siku ya pili tulipanda kilima cha jirani, tukakaa juu saa moja, tukarudi kulala pale pale. Ndiyo kanuni yenyewe: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi usiku ushuke. Nilikunywa maji mpaka nikayachukia. Kichwa kilikuwa kizito kidogo asubuhi ya kwanza, ya pili kikawa chepesi.

Siku ya tatu tukaifuata njia ya ukingoni. Miguu ilikuwa ikipita mahali ilipopita 2021, lakini safari hii kulikuwa kweupe. Kufika saa sita na nusu mchana mzee akatutoa njiani, akatuongoza hadi mwisho wa mwamba wanaouita Temple, akaniambia nilale kifudifudi ndipo nichungulie.

Nikachungulia. Genge linashuka wima kama mita 300, na chini kabisa kuna Ziwa Michaelson, jeusi likielekea kuwa kijani, limetulia. Kuta za upande wa pili zimesimama kama zilivyosimama ubaoni kwangu. Kutoka ziwani mto Nithi unatoka kama uzi, unapinda, unapotea. Barafu iliyolichimba bonde hili iliyeyuka maelfu ya miaka iliyopita, ikaacha umbo lake. Nilikuwa nimelichora dogo mno. Nililia, na kijana akanishika kifundo cha mguu nisisogee mbele.

Kushuka huko chini ndiko kulikonitisha zaidi kuliko jambo lolote la safari ile. Njia inateremka ubavuni kwa kona kona, changarawe juu ya mwamba, na katikati mafungu ya nyasi ngumu ambayo ukiyakanyaga yanalala upande. Nilikuwa na hofu ya kimo tangu utotoni, minazi ya nyumbani sijawahi kupanda hata mmoja. Mzee akatangulia. Akaniambia, "Mwalimu, usitazame ziwa. Tazama kisigino changu." Nikakitazama kisigino chake. Kilikuwa na kiraka cha mpira kilichoshonwa kwa uzi wa buluu, mishono saba, wa nne umekatika. Alipokiweka nami nikaweka. Kuna mahali jiwe lilitoka chini ya kiatu changu, nikalisikia likigonga mara moja, mara ya pili, kisha kimya. Nikakaa chini, nikakataa kusimama. Mzee hakunihimiza. Akakaa naye, akatoa mahindi ya kukaanga mfukoni, tukala. Tulipoyamaliza nikawa naweza kusimama. Sehemu mbili nilizipita kwa makalio, fimbo nimempa kijana, mikono yote miwili kwenye nyasi. Mshuko wa mita zisizofika 400 ulituchukua saa mbili na robo.

Tulipiga kambi kando ya ziwa, chini kidogo ya mita 4,000. Sikuumwa kichwa. Nilikula sahani mbili za wali na maharage.

Usiku baridi ilikuwa kali, maji ya chupa niliyoisahau nje yakaganda. Asubuhi nikatoka kabla jua halijaingia korongoni nikaenda kuziangalia lobelia, mimea ya huko mlimani. Aina moja huota chini kama kabichi kubwa, na maji hukaa katikati ya majani yake. Juu ya maji yale kulikuwa na barafu nyembamba kama kioo cha saa. Nikaitoboa kwa kidole, chini yake maji bado maji. Barafu ile ya juu ndiyo inayoyakinga yasigande, na chipukizi lililomo ndani likasalimika. Usiku mmea unafunga majani, mchana unafungua, kila siku ya Mungu. Zile seneshio ndefu, zenye urefu kumshinda mtu, majani yao yakifa hayadondoki, yanabaki yameuzunguka mti kama koti. Nikawaza koti langu la Kongowea. Pimbi wawili walikuwa wameketi juu ya jiwe wakisubiri jua, na chozi mwenye mkia mrefu akiparamia ua la lobelia nyingine iliyosimama kama mnara.

Wengi wakifika pale hupanda tena kwenda kileleni. Sisi tuliufuata mto kushuka. Njia ya bondeni haina watu wengi, nayo ina kazi yake: kinamasi kimefichwa na nyasi, nilizama hadi goti mara tatu, kiatu kimoja nusura kibaki. Bonde haliteremki kwa mteremko mmoja, linashuka kama ngazi, panapokatika mto unaanguka. Kwenye maporomoko ya Vivienne tulikaa muda mrefu. Nikatia mkono ndani ya maji, ukafa ganzi kabla sijahesabu kumi. Chini kila jiwe lilionekana.

Jioni tukapanda ubavu kuipata njia ya gari, magoti yangu yakiwa yamefungwa bendeji, sikuweza kuongea wala kijana hakuongea. Mtandao ulirudi tulipokaribia Chogoria, nikampigia mama Kipini. Nikamwambia nimeyashika maji ya Tana yalipo bado machanga, meupe, baridi kama ya friji. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema waambie huko juu yaongezwe, maana huku mto umepungua, maji ya chumvi yamepanda mpaka Ozi na watu wanasubiri vuli.