Chumvi Iliniharibia Chembe za Fedha, Kisha Ikaniokoa

Kwa wiki tatu nilishindwa kutengeneza chembe za nano za fedha, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na karibu kila niliyemwomba ushauri alinijibu kwamba nitrati yangu ya fedha, dawa ambamo fedha hiyo hutoka, imeharibika, ninunue nyingine. Nashukuru sikuharakisha, kwani dawa ile si ya kununuliwa mara mbili kwa posho ya mwanafunzi.

Njia yangu ilikuwa ile ya wanakemia Lee na Meisel ya mwaka 1982, kwa vipimo vilivyopunguzwa: miligramu 18 za nitrati katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, yachemke, kisha mililita 2 za sitreti ya sodiamu ya asilimia 1, ambayo huigeuza fedha kuwa chembe, zidondoshwe polepole, na mchemko uendelee kama saa moja. Nilitarajia manjano yenye ukijani. Nilipata ukijivu wenye mashapo.

Jioni moja niliweka bika mbili juu ya karatasi nyeusi, moja ina maji ya bomba, nyingine maji yaliyokenekwa, nikadondosha nitrati katika zote mbili. Ya pili haikubadilika hata kidogo. Ya kwanza ilifuka weupe papo hapo, kama maji yaliyooshea mchele. Kloridi, ile iliyomo katika chumvi na katika maji ya bomba! Vyombo vyote nilikuwa nikivisuuza kwa maji ya bomba, kama nilivyoelekezwa, na mabaki yake ndiyo yaliyokuwa yakiinasa fedha yangu kabla sitreti haijaifikia. Nikaviloweka katika asidi ya nitriki usiku kucha, nikavisuuza kwa maji yaliyokenekwa peke yake, na kesho yake rangi niliyoitamani ikatokea.

Hata hivyo, nilipochanganya chembe hizo na malakiti ya kijani, rangi ambayo baadhi ya wafugaji wa samaki huitumia kuua kuvu, mashine ya Raman, inayotambua kemikali kwa jinsi zinavyotawanya mwanga wa leza, haikuonyesha kitu. Hapo ndipo nilipotia kwa makusudi tone la maji ya chumvi, yaani kloridi ile ile, na kilele cha karibu 1617 kwa sentimita, alama ya rangi hiyo, kikasimama wima. Chumvi hupunguza msukumano wa chembe, zikakaribiana, na katika nafasi finyu mno baina yake mwanga wa leza huongezeka nguvu maradufu kwa maradufu. Ikizidi, fedha yote hugandamana na kutuama. Kwangu matone mawili kwa mililita moja yalitosha, na nilipima kabla ya dakika tano, kwa kuwa baada ya hapo kilele kilianza kushuka.