Si yatakimbia mwaka ujao?

Jumapili, 17 Mei 2020

"Shemeji, si hayo magari yatakimbia tu mwaka ujao?"

Nilimjibu neno moja, "Yatakimbia," naye akaridhika. Hiyo ilikuwa Ijumaa, tulipotangaziwa kwamba mbio za magari za Safari Rally za tarehe 16 hadi 19 Julai hazipo tena kwa sababu ya korona. Jana kafyu imeongezwa na mpaka wa Tanzania umefungwa, lakini kichwani mwangu bado ni lile "tu" la Shemeji.

Mbio za dunia hazijakanyaga Kenya tangu Colin McRae aliposhinda hapa mwaka 2002. Mwaka jana Safari iliendeshwa kama mtihani chini ya macho ya FIA, shirikisho la magari duniani, ndipo tukarudishiwa nafasi. Miaka 18 ya kungoja, halafu "tu".

Chukua dereva wetu aliyejiandaa kwa Julai. Mikanda ya usalama ya FIA ina lebo yenye mwaka wa mwisho. Ukipita, wakaguzi hawaipitishi hata kama haijawahi kufungwa. Kiti cha kawaida cha mbio ni miaka 5 tangu kitengenezwe. Mfuko wa mpira ndani ya tangi la mafuta, miaka 5 vilevile. Kama aliokota mikanda ya bei nafuu inayoisha Desemba hii, akijua Julai itamtosha, sasa anunue mingine. Injini ikae bila kazi, mafuta ya mbio yazeeke kwenye pipa, mdhamini abadili mawazo.

Barabara nazo haziwekwi akiba. Murram huchongwa kwa greda mvua zikishakatika, karibu na mbio. Ukiitangulia mvua, maji yanachimba mitaro na kazi inaanza upya. Wenye ranchi lazima wakubali tarehe nyingine za kufunga njia. Marshali, wasimamizi wa usalama njiani, lazima wafunzwe tena.

Ila leo asubuhi nimefikiria vumbi la Kedong, kule Naivasha mbio zinakopita, na nimefurahi kweli. Lile vumbi laini la volkano, fesh-fesh, halimwogopi bingwa. Juu linaonekana tambarare, chini kuna makorongo yaliyochimbwa na magurudumu. Ukiachia mafuta ghafla pua inazama. Ukikata usukani kwa nguvu gari linaendelea mbele. Unakanyaga sawasawa, unaliacha lielee. Chujio la hewa huziba haraka, ndiyo maana bomba la kuvutia hewa hupandishwa hadi usawa wa paa. Kabla ya mbio, madereva wa Ulaya watapita kila mkondo, yaani kipande cha njia kinachopimwa muda, mara mbili tu wakiandika noti za kona na waelekezi wao. Wetu wamekula vumbi hilo miaka yote. Tumeahidiwa 2021, na mwaka mzima wa kulizoea zaidi ni faida ambayo hakuna timu ya kiwandani inaweza kununua.

Na ninyi mtakaokuja kutazama: simameni juu ya kilima, upande unakotoka upepo, kamwe si upande wa nje wa kona. Gari la sifuri, lile linalotangulia washindani, likipita, hakuna kuvuka tena. Pasipo upepo vumbi huning'inia, na gari la pili mtalisikia kabla ya kuliona.

Hayo yote ningemwambia Shemeji, naye angesikiliza, namjua.

Mama anasema goti limeanza tena. Kliniki yake ni Jumanne, mimi siruhusiwi kutoka Nairobi, na yule jirani mwenye gari amehamia kwao tangu Aprili. Sijapata wa kumpeleka.